Miaka ya Udaktari Haihami Kama Mifugo

Hotuba ya daktari wa Idara ya Afya ya Kaunti kwa wazazi, walimu na vijana waliomaliza kidato cha nne, Isiolo mjini. Tunaichapisha kwa faida ya wakazi ambao hawakuweza kufika.

  

Nimeombwa nizungumze kuhusu masomo ya udaktari ng'ambo, na hasa swali moja ambalo limekuwa likiletwa kwangu mara kwa mara: je, mwanafunzi aliyeanza udaktari katika nchi moja anaweza kuhamishiwa Marekani amalizie huko? Nitalijibu waziwazi, kisha nitaeleza sababu. Jibu lisilo na sababu halimsaidii mzazi akikutana kesho na wakala mwenye maneno matamu.

Nianze na mzee mmoja. Jina lake na kijiji chake nayaweka kando. Alikuja kuniona akiwa na bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na pasipoti ya binti yake, kadi ya mwanafunzi kutoka Khartoum, na karatasi moja ya matokeo ya mwaka wa kwanza. Matokeo ya mwaka wa pili yalikuwa kwenye simu, yamepigwa picha ubaoni, na kona moja haikusomeka. Mwaka wa tatu haukuwa na karatasi yoyote, kwa sababu vita vilianza kabla ya mtihani.

Mzee aliniambia, "Daktari, huyu amebakisha miaka michache tu. Mjomba wake yuko Minnesota na yuko tayari kumpokea. Kuna mtu Nairobi amesema atamhamisha aingie mwaka wa nne kule. Anataka shilingi laki nne. Nina ngamia wawili wa kuuza. Niuze?"

Nilimwambia asiuze. Haya nitakayosema leo ni yale niliyomweleza siku ile.

Khartoum na Kharkiv

Wengi wenu mnajua kwa nini vijana wetu wa kaskazini walienda Khartoum. Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Afrika kilichoko kule kimewapokea vijana wa Afrika Mashariki kwa miaka mingi, wengine kwa ufadhili. Kiarabu walikuwa wamekianza madrasa. Familia ilijua kijana yuko kati ya watu wanaofunga na kuswali kama yeye. Halafu tarehe 15 Aprili 2023, zikiwa siku za mwisho za Ramadhani, mapigano yakazuka mjini humo kati ya jeshi na kikosi cha RSF. Vijana wetu wakatoka wakipitia Ethiopia, Sudan Kusini na Saudi Arabia, na wengi walifika nyumbani na begi moja la mgongoni.

Mwaka mmoja kabla, jambo kama hilo lilikuwa limetokea Ukraine. Urusi ilipoivamia tarehe 24 Februari 2022, Wakenya waliokuwa wakisoma huko, wengi wao masomo ya udaktari, walikimbilia Poland na nchi jirani. Walioathirika zaidi kwa wingi walikuwa Wahindi. Takriban wanafunzi 18,000 wa udaktari wa India walirudi kwao wakitarajia vyuo vya nchi yao viwapokee waendelee pale walipoachia. Havikuwapokea. Kilichokubaliwa, Septemba 2022, ni kwamba wangeweza kumalizia masomo katika vyuo vya nchi nyingine, ilimradi shahada itolewe na chuo kile kile cha Ukraine walichoanzia.

Naleta mfano huo ili mzazi asidhani tunabaguliwa kwa kuwa tunatoka Isiolo. Nchi kubwa yenye vyuo vingi vya udaktari ilishindwa kuwahamisha watoto wake yenyewe. Miaka ya udaktari haihami kama mifugo. Ngamia ukimtoa Merti ukamleta Kinna bado ni ngamia yule yule, na mnunuzi atamtambua kwa macho. Mwaka wa tatu wa Khartoum ukiupeleka kwingine, mwenye chuo anauliza: ulifundishwa nini, na nani, katika hospitali ipi, na nani anathibitisha?

Kwa nini Marekani hawapokei

Sababu ya kwanza ni ngazi zenyewe. Hapa Kenya, na hata Sudan, kijana anatoka shule ya upili moja kwa moja hadi kitivo cha udaktari. Kwetu atasoma miaka sita. Marekani siyo hivyo. Kule kijana anasoma kwanza shahada ya kawaida kwa miaka minne, mara nyingi ya sayansi. Kisha anafanya mtihani uitwao MCAT, anaomba nafasi, na akiipata ndipo anaanza udaktari wa miaka minne mingine. Kwa hiyo mwanafunzi wetu wa mwaka wa tatu, kwa hesabu yao, ni mtu ambaye hata shahada ya kwanza hana. Yeye anajiona amebakisha kidogo. Wao wanamwona hajafika mlangoni.

Sababu ya pili ni idhini. Vyuo vya Marekani vinavyotoa shahada ya MD hukaguliwa na kamati moja inayojulikana kwa kifupi kama LCME. Chuo kikiwa na nafasi ya mwanafunzi wa kuhamia, karibu kila mara hutaka atoke katika chuo kingine kilichoidhinishwa na kamati hiyo hiyo. Na nafasi yenyewe ni adimu. Miaka miwili ya kwanza huwa zaidi ya darasani, miwili ya mwisho ni ya wodini. Uhamisho, ukitokea, huwa mwanzoni mwa mwaka wa tatu, pale mwanafunzi mmoja anapoacha na kiti kubaki wazi. Anayekipata mara nyingi ni Mmarekani anayemfuata mumewe au mkewe mji mwingine, au aliye na mzazi mgonjwa. Vyuo vingi vimeandika kwenye tovuti zao kwamba havipokei uhamisho kabisa.

Sababu ya tatu ni pesa na uraia. Vyuo vingi vya udaktari kule havimpokei mtu asiye raia na asiye na kibali cha ukazi wa kudumu, ile wanayoita kadi ya kijani. Vichache vinavyompokea, ada ya mwaka mmoja katika vingi vyao hupita dola 50,000, na mikopo ya serikali yao si ya mgeni. Kuna vinavyotaka mgeni aonyeshe mapema kwamba fedha za miaka yote minne zipo. Ngamia wawili, hata ishirini, hawafiki huko.

Basi hadithi za watu waliohamia zinatoka wapi? Zina vyanzo vitatu, na vyote vina ukweli kidogo.

Chanzo cha kwanza ni historia. Kuanzia mwaka 1971 hadi 2009 Chama cha Madaktari cha Marekani kilikuwa na utaratibu ulioitwa Njia ya Tano. Ulikuwa kwa waliosoma udaktari nje ya nchi, hasa Wamarekani wenyewe waliokwenda Mexico, ili wafanye mwaka mmoja wa mafunzo ya wodini nyumbani na kuingia katika mfumo. Mlango huo umefungwa. Anayewasimulia kwamba rafiki ya kaka yake aliingia kwa njia hiyo huenda hasemi uongo, ila anazungumzia jambo lililopita.

Chanzo cha pili ni ziara za wiki chache. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho kutoka Nairobi au Eldoret anaweza kukubaliwa kwenda hospitali ya Marekani kwa mwezi mmoja kujifunza. Anapiga picha akiwa na koti jeupe, picha inazunguka WhatsApp, na mtaani tunasema amehamia. Mwezi ukiisha anarudi chuoni kwake.

Chanzo cha tatu ni mitihani. Leseni ya Marekani ina mitihani iitwayo USMLE, na sehemu ya kwanza mwanafunzi anaweza kuifanya akiwa bado chuoni kwake, popote alipo, ikiwa chuo hicho kimo katika orodha inayokubalika. Mtu akisikia kwamba kijana amefaulu mtihani wa Marekani, anadhani amechukuliwa. Hajachukuliwa. Bado lazima amalize shahada yake pale pale alipoianzia.

Milango iliyo wazi

Kijana anayetaka kufika Marekani akiwa daktari ana njia kuu, nayo ni kumaliza kwanza. Amalize udaktari wake katika chuo kinachotambulika, kisha aombe cheti cha ECFMG. Hicho ni chombo kilichoanzishwa mwaka 1956 kwa ajili ya kuwachunguza madaktari waliosomea nje ya Marekani. Atafanya sehemu mbili za USMLE, ataonyesha kwamba anaweza kuwasiliana na mgonjwa kwa Kiingereza, na shahada yake itathibitishwa moja kwa moja na chuo kilichoitoa. Baada ya hapo anaomba nafasi ya mafunzo ya ubingwa hospitalini, ambayo hugawiwa mara moja kwa mwaka, na matokeo hutoka mwezi wa Machi. Ubingwa ni miaka mitatu au zaidi, na analipwa mshahara akiwa huko.

Njia hiyo ina masharti ambayo wakala hatayataja. Kila sehemu ya USMLE hairuhusiwi kurudiwa bila kikomo: majaribio ni manne tu. Sehemu zote zinazohitajika kwa cheti lazima zifauliwe ndani ya miaka saba. Na daktari anayekwenda kwa viza ya J-1, akimaliza ubingwa hutakiwa kurudi kwao miaka miwili, isipokuwa apate msamaha, kwa mfano kwa kukubali kufanya kazi katika eneo la Marekani lenye uhaba wa madaktari.

Kuna sharti moja zaidi ambalo naomba mliandike. ECFMG hutazama pia masomo uliyohamisha. Kama chuo kilichokupa shahada kilikuhesabia masomo ya kwingine, masomo hayo lazima yawe ya chuo cha udaktari ambacho nacho kinatambulika katika Orodha ya Dunia ya Vyuo vya Udaktari. Ndiyo maana mtu anayewaambia kwamba diploma ya uuguzi au ya famasia itahesabiwa kama miaka miwili ya udaktari katika nchi fulani anawauzia njia ya mkato yenye mwiba. Kijana anaweza kumaliza, akapata shahada, na baadaye akaambiwa hastahili hata kukaa kwenye mtihani.

Mlango wa pili ni wa wale wenye kadi ya kijani, na familia za Isiolo zenye watu Minnesota zinajua ninachosema. Huyo asiombe kuhamishwa, aombe kuanza. Anaweza kuingia chuo cha jamii kwa miaka miwili kwa ada nafuu, akaendelea chuo kikuu hadi shahada, akafanya MCAT, akaomba udaktari. Baadhi ya masomo yake ya Khartoum, kama kemia na bayolojia, huenda chuo kikuu kikayahesabu kwenye shahada ya kwanza baada ya kutathminiwa. Asiweke matumaini kwamba yote yatapita, maana vyuo vingi vya udaktari hutaka masomo ya sayansi, au sehemu yake, yawe yamefanywa katika chuo cha Marekani au Kanada. Ni safari ndefu, lakini ni ya kweli.

Na kama katika familia yako kuna mtu aliyekwisha kuhitimu udaktari nje, yuko Minnesota na anafanya kazi nyingine, mwambie aulize Idara ya Afya ya jimbo hilo. Mwaka 2015 bunge la jimbo lilianzisha mpango wa kuwasaidia madaktari wahamiaji kuingia katika mafunzo ya ubingwa. Mpango huo ni wa daktari aliyekwisha kuhitimu. Mwanafunzi aliyekatiziwa njiani hahusiki.

Tukirudi hapa nyumbani

Sasa mzazi ataniuliza: kama Marekani haiwezekani, hata Kenya haiwezekani? Kenya inawezekana kwa kiasi, na kwa subira. Kuna ofisi mbili za kujua. Ya kwanza ni Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, ambayo hushughulikia utambuzi wa masomo ya nje na imeweka mpaka wa kiasi cha masomo ambacho chuo kinaweza kukihesabu kwa mwanafunzi anayehamia. Kwa kanuni zake, kiasi hicho hakivuki nusu ya masomo ya msingi ya shahada. Ya pili ni Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, ambalo ndilo huamua nani atakuwa daktari nchini. Chuo kinaweza kukupokea, lakini Baraza ndilo litakusajili.

Baraza limeweka kiwango cha chini cha KCSE kwa mwanafunzi wa udaktari, kwa jumla na katika Bayolojia, Kemia, Fizikia au Hisabati, na Kiingereza au Kiswahili. Kwa vyuo vyetu vya umma ushindani huwa juu zaidi ya hapo. Hapa ndipo familia nyingi huumia. Kijana ana C kwenye Kemia, wakala anampatia chuo ng'ambo kisichouliza, anasoma miaka sita, anarudi na shahada na picha ya mahafali. Akifika kwa Baraza, kitu cha kwanza anachoulizwa ni cheti cha kidato cha nne. Mtoto wa miaka 25 anarudishwa kwenye mtihani alioufanya akiwa na miaka 18.

Anayerudi na sifa zote, ikiwa alisomea nje ya Afrika Mashariki, hufanya mtihani wa Baraza kabla ya kuruhusiwa kuingia mwaka wa uanagenzi hospitalini. Vyuo vya udaktari vya Afrika Mashariki ni afadhali kidogo, kwa kuwa mabaraza ya nchi za Jumuiya huvikagua kwa pamoja na kutambuana. Kwa hiyo kijana akikosa nafasi hapa, Uganda na Tanzania ni karibu kwa basi na pia ni karibu kwa sheria. Hata hivyo asiende kabla ya kuuliza kama chuo chenyewe kimo kwenye orodha, maana si kila chuo cha nchi jirani kimo.

Nasema haya na mimi nikiwa nimeumwa na nyoka huyo. Nilisomea udaktari ng'ambo. Nikiwa mwaka wa pili niliambiwa kwamba kuna chuo kizuri zaidi katika mji mwingine, chenye hospitali kubwa, na kwamba nitaingia moja kwa moja mwaka wa tatu. Baba aliuza ng'ombe. Nilipofika nikaambiwa nakala ya matokeo niliyobeba haina saa za masomo, na chuo nilichotoka hakikujibu barua. Nikaanzishwa mwaka wa kwanza tena, pamoja na watoto waliotoka tu sekondari. Kuhama mara moja kulinigharimu miaka miwili, na baba yangu hakuwahi kuniuliza wale ng'ombe walifanya kazi gani. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Nililijua neno hilo tangu shule ya msingi, na bado niliuacha mbacha wangu.

Karatasi za kuhifadhi

Wazazi wenye watoto walio ng'ambo sasa hivi, hata kama kuna amani, waambieni leo wafanye mambo haya.

Kila muhula unapoisha, achukue nakala rasmi ya matokeo yenye muhuri na sahihi. Picha ya ubaoni si matokeo. Nakala hiyo ionyeshe jina la kila somo, saa zake na alama.

Achukue pia mtaala wa masomo kutoka ofisi ya kitivo, yaani maelezo ya kile kilichofundishwa katika kila somo. Chuo cha pili hakiwezi kulinganisha kitu ambacho hakikioni. Karatasi hii ndiyo wengi waliorudi kutoka Khartoum walikosa.

Akifika mwaka wa wodini, aweke daftari la kazi alizofanya, lenye sahihi ya daktari msimamizi: wiki ngapi za watoto, ngapi za uzazi, ngapi za upasuaji.

Zote zipigwe skani na kuwekwa mahali pawili: kwenye barua pepe yake mwenyewe, na kwa mtu mmoja wa familia nyumbani. Jina liwe lile lile kwenye kitambulisho, pasipoti, cheti cha KCSE na karatasi za chuo. Mmoja akiandikwa Abdi na kwingine Abdii, mtatafuta hati ya kiapo kwa wakili, na siku zinapotea.

Ajiandikishe katika ubalozi wa Kenya wa nchi aliyoko. Vita vikianza, ubalozi humtafuta kwanza yule unayemjua.

Na kwa yule ambaye bado hajaondoka, aliyeshika barua ya kuitwa chuoni mkononi, kabla ya kulipa hata shilingi moja auliziwe mambo matatu. Je, alama zake za KCSE zinafika kiwango cha Baraza? Je, chuo kinatambuliwa na Baraza letu, na kimo katika Orodha ya Dunia? Je, wahitimu wa chuo hicho wamewahi kusajiliwa Kenya, na tunaweza kuzungumza na mmoja wao? Swali la tatu ndilo wakala hulichukia zaidi. Mzazi akiogopa kuandika barua kwa Baraza kwa kuwa Kiingereza kinamsumbua, mwalimu wa shule iliyo karibu au ofisi ya elimu ya wadi watamwandikia. Kuuliza si ujinga.

Mtu akikwambia "nina mtu ndani", au akataka pesa kwa simu yake binafsi badala ya akaunti ya chuo, au akasema nafasi inaisha kesho asubuhi, ondoka. Chuo cha udaktari hakiuzi viti kama matatu ya Isiolo kwenda Meru.

Yule binti

Nimalizie na mzee wangu wa bahasha. Alinisikiliza hadi mwisho, akanyamaza kwa muda, kisha akauliza kitu ambacho sikukitarajia. "Kwa hiyo ile miaka mitatu imekufa?"

Nilimwambia haikufa. Binti yake anajua mifupa yote ya mwili wa binadamu kwa majina. Anajua dawa ya malaria inafanya nini ndani ya damu. Hakuna vita vinavyoweza kuyatoa hayo kichwani. Kinachokosekana ni karatasi ya kumshuhudia, na bila karatasi mwingine hawezi kumwamini na mgonjwa. Nasi tusilalamike sana juu ya hilo. Siku mkeo yuko kwenye meza ya upasuaji, wewe mwenyewe ungetaka mtu aliyehakikishwa, si aliyeingizwa na wakala kwa laki nne.

Ngamia waliuzwa baadaye, lakini hawakwenda kwa mtu wa Nairobi. Tuliandika barua na kusubiri majibu kwa miezi kadhaa. Matokeo ya mwaka wa kwanza, yale yenye muhuri, yalikubaliwa kwa sehemu. Mengine yalikataliwa. Sasa yuko katika chuo kimoja hapa Afrika Mashariki, ameingizwa mwaka wa pili. Wenzake ni wadogo kwake kwa miaka mitatu, na mwanzoni aliona aibu kama nilivyoiona mimi. Akimaliza atarudi kwa Baraza akiwa na faili isiyo na tundu. Akitaka Marekani wakati huo, atafanya mitihani yao kama daktari, na mjomba wa Minnesota atampokea uwanja wa ndege akiwa na kitu mkononi.

Mimi ninaomba abaki, na sitaficha kwamba nina maslahi. Kutoka Merti hadi hapa mjini ni zaidi ya kilomita 150, na mnajua barabara ilivyo wakati wa mvua. Mama anayevuja damu usiku kule Sericho hawezi kungoja daktari amalize kutafuta njia ya mkato. Kila mwaka kijana wetu mmoja anaoupoteza kwa wakala ni mwaka ambao kaunti hii inakaa bila daktari ambaye tayari tulikuwa tumemlea.

Kwa hiyo nawaomba wazazi: kabla ya kuuza mnyama, ulizeni. Na ninyi vijana, mwaka mliousoma ulindeni kwa karatasi tangu siku ya kwanza. Ofisi yangu iko wazi, njooni na bahasha zenu, tuzifungue pamoja mapema.